Wimbo wa Baba na Vidole vya Luhende

Shanwe, nyuma ya mashine ya kukoboa,
Mpanda, Katavi.
21 Septemba, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nathanael,

Mwangaluka, mdogo wangu. Nakusalimu kwa Kisukuma kwanza nione kama bado unajua kuitikia, maana mara ya mwisho Mayu, mama yetu mwenyewe, alipokusalimia kwenye simu ulijibu "poa," na siku nzima akawa anatuuliza hiyo poa ni ugonjwa gani. Hujambo? Baridi ya Gothenburg imeshaanza kuwafungia ndani? Mkeo hajambo? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kubeba maboksi, umepoa au bado unajikaza tu kama kawaida yako?

Sisi huku tupo. Nilitaka kuandika hatujambo, nikaona si vizuri kuanza barua kwa uongo. Tupo. Mayu anakula, analala, anagomba. Mvua bado haijanusa Mpanda, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Mandazi yangu yanaisha kabla watoto hawajaingia shule, na vijana wa bodaboda wa Kashaulili wananiita Mama Mandazi kana kwamba sikubatizwa jina.

Naomba radhi kwa mwandiko. Naandikia kwenye meza ya Baba, ile yenye mguu mmoja mfupi, na inayumba kila nikiiegemea. Wewe ndiye uliyekuwa unaiba madaftari yangu ili uige herufi zangu, kwa hiyo leo utanivumilia.

Utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Unaijua sheria ya Mayu: simu yako ikiingia lazima iwekwe spika, ilazwe katikati ya mkeka, na kila mtu asikie. Haya ninayokuandikia siwezi kuyasema kwenye spika. Alex wa Kakese, uliyesoma naye, yuko huku likizo na anarudi huko Jumatano, ndiye atakayekuletea. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya viatu. Ukiikuta imefunguliwa, ujue rafiki yako ana kidomodomo.

Habari yenyewe ni ya Luhende. Kaka yako anaumwa, Nathanael. Mikono yake inatetemeka. Hawezi kufunga vifungo vya shati lake, chai ananyweshwa na mkewe, na daktari ametuambia mikono hiyo huenda isirudi ilivyokuwa. Sasa nimeshalisema, nimepumua. Nikueleze lilivyoanza, maana lilianzia kwenye ile gemu uliyotutumia.

Kaseti ya Baba unaikumbuka vizuri kuliko mimi, lakini niachie niisimulie. Faith, binti wa Luhende, ananiuliza kila mara, na sasa imenikaa mdomoni. Baba yetu mzee Kashinje alikuwa dereva wa yule mhandisi Mzungu wa barabara. Mhandisi alipomaliza kazi akaenda kwao, akaacha kaseti ndani ya Landrova. Karatasi yake ilishafutika, hatukujua jina la wimbo wala la waimbaji. Tulijua tu ni roki ya Wazungu, ya miaka ambayo hata mimi sijazaliwa. Gitaa moja linaanza peke yake, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika na nyumba. Ngoma zinaingia. Halafu mwanaume anaanza kulia kwa sauti ya juu, na Baba akatuambia huyo ni mfugaji aliyepotelewa na ng'ombe.

Tuliamini hivyo mpaka ulipofika Ulaya na kutuandikia kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja mle, ni mtu ameachwa na mwanamke stesheni ya treni. Mayu alisema kama angekuwa na ng'ombe asingeachwa, na kesi ikaishia hapo.

Na pale katikati, lile gitaa linapolia peke yake kwa muda mrefu, unakumbuka? Mkanda ulikuwa umevutika kwa joto la dashibodi, basi wimbo ulikuwa unazama kidogo, unakuwa mzito, halafu unaibuka na kuendelea. Sisi tulidhani ndivyo ulivyotungwa. Tulikuwa tunakaa nyuma ya Landrova, na ukifika hapo sote watatu tunainamisha bega pamoja nao. Kaseti ilikatika kabla Baba hajafa, na tukajua wimbo umekwenda.

Ndiyo maana siku ulipotuma ujumbe kwamba umeukuta wimbo wa Baba ndani ya gemu, mzima, Mayu alitaka upande ndege siku hiyo hiyo uulete. Ukatuletea kwa mkono wa Alex ile mashine pamoja na gitaa la plastiki, lenye vile vitufe vitano vya rangi shingoni. Tulicheka sana. Mtu mzima Luhende, mfanyabiashara wa dhahabu, anavaa gitaa la mtoto. Lakini alipoona zile rangi zinateremka kwenye tivi kama kokoto kwenye mteremko, na kila moja lazima uibonyeze ikifika chini, sawasawa na mdundo, akavuta kiti. Akakaa. Hakuinuka mpaka mkewe Séverine alipomletea ugali pale pale.

Nikuambie jambo ambalo nadhani hakuwahi kukuambia. Mwanzoni alikuwa anashindwa sehemu moja tu, pale pale katikati. Vidole vyake vilikuwa vinasubiri wimbo uzame, na wa kwenye gemu hauzami. Alikuwa anapiga kaseti ya Baba. Ilimchukua kiangazi kizima kuisahau.

Alipoisahau, mdogo wangu, mtaa mzima ulijaa uani kwetu. Kila Jumapili baada ya misa na ibada, watu wanakuja na viti vyao. Gaspar, fundi wa tivi wa kule Kashaulili, alitoboa ukuta na kuipanga tivi dirishani iangalie nje. Vijana wakamwita Luhende Manju, kama kiongozi wa ngoma. Na Mayu, unamjua, alikuwa hatazami tivi kabisa. Alikuwa anaipa mgongo na kutazama watu. Kwao Maswa, vile vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vikishindana, hakuna anayehesabu hatua. Wanaangalia umati umekaa kwa nani. Yeye alikuwa anaangalia umati. Watu wakijaa hadi kwenye uzio wa jirani, analala na furaha.

Baada ya Krismasi iliyopita akaanza kukosa. Si sana. Rangi moja, mbili, tena pale pale katikati. Tukacheka, tukasema amerudi kwenye kaseti. Hata yeye alicheka.

Lakini akaanza kukosa na mahali pengine. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta mchawi ndani ya tivi. Luhende alikuwa amenunua ile tivi bapa, na Gaspar akatueleza kwamba tivi bapa inachelewesha picha kidogo kuliko sauti, kwa hiyo mchezaji anadanganywa. Ni kweli kabisa, usidhani Gaspar ni mjinga. Akaenda kwenye mipangilio, akairekebisha, akacheza yeye mwenyewe, ikawa sawa. Luhende akacheza, akakosa. Wakazunguka mji mzima kutafuta tivi ya chogo, zile za zamani, wakaipata kwenye gesti iliyofungwa, wakaibeba kwenye guta kama maiti. Akakosa. Gaspar akafungua gitaa, akakuta sisimizi wamejenga kwenye vitufe, tukafurahi sana kwa wale sisimizi. Akasafisha. Luhende akakosa.

Mimi ndiye niliyekuwa nampa Gaspar chai na mandazi muda wote huo. Hakuna aliyekitazama kidole. Wote tulikuwa tunatazama skrini.

Mayu alikuwa na jibu lake. Alisema mkono wa Luhende umefungwa. Babu yetu alikuwa mcheza ngoma wa Bagalu, na siku moja ya mashindano miguu yake iligoma katikati ya uwanja, watu wote wakahamia kwa wapinzani. Ikajulikana baadaye kwamba alikuwa ametegewa dawa. Kwa Mayu hili lilikuwa jambo lile lile. Umati umekaa kwa Luhende muda mrefu, kuna mtu hakupenda. Akatuma mtu kwa mzee mmoja wa kule Kakese, mtaalamu wa dawa za ngoma. Mzee alikuja na heshima zake zote, hakumtaja mtu, hakumgombanisha mtu. Akamchanja Luhende viganja vya mikono, akaagiza afukizwe majani jikoni asubuhi na jioni, mlango umefungwa, dirisha limezibwa, amejifunika blanketi, avute hewa ya mle ndani kwa nguvu.

Kumbuka hilo jiko, nitalirudia.

Wakati huo Luhende alishaanza kubadilika tabia. Wewe unamjua kaka yako, mtu wa kelele, anayesalimia hata mbuzi wa watu. Akawa mtu wa kujificha. Mgeni akipiga hodi, anaingia chumbani. Akawa anatema mate mengi, anasema mdomoni ana ladha ya sarafu. Fizi zinatoka damu. Anasahau. Siku moja Faith alicheka alipomwona baba yake anashindwa kuchomeka waya wa gemu, cheko la mtoto tu, na Luhende akalia. Hakumpiga, hakumfokea. Alikaa chini sakafuni akalia mbele ya mtoto, na mtoto akaogopa kuliko angepigwa.

Séverine ndiye aliyesema basi. Yule mwanamke mnyamavu wa Katumba, ambaye Mayu alisema hatoshi kwetu. Alimvalisha mumewe shati, akamfunga vifungo, akaniambia, "Wifi, tunaenda hospitali, na wewe unakuja." Sikubisha.

Daktari ni binti, hajafika hata miaka thelathini, anaitwa Theopista, Mpimbwe wa kule bondeni. Alimpa Luhende kalamu akamwambia achore mviringo unaojizungusha kama gamba la konokono. Luhende akachora. Nathanael, nilitamani kuikunja ile karatasi. Ilikuwa kama uzi uliokwama chini ya cherehani.

Akamuuliza kazi. Luhende akamweleza: ananunua dhahabu kwa akina mama wa mwaloni, kule wanakoosha mchanga wa machimbo, ile iliyoshikanishwa na zebaki, vidonge vya rangi ya fedha, halafu anavichoma nyumbani, zebaki inaruka na moshi, inabaki dhahabu.

"Unachomea wapi?"

"Jikoni, kwenye jiko la mkaa."

"Mlango unakuwaje?"

"Nafunga, daktari," Luhende akasema. "Nafunga vizuri kabisa, na dirishani naweka gunia."

Alisema kwa majivuno, kama mtoto anayejibu swali analolijua. Daktari akaweka kalamu chini.

Usimcheke, na usimkasirikie. Tangu Malale wa mtaa wa pili avamiwe na wezi na kukatwa bega, huku hakuna mwenye akili anayechomea dhahabu nje. Ule moshi mweupe jirani akiuona anajua leo kwa fulani kuna mali, na habari inatembea. Sisi sote nyumbani tulikuwa tunamsifu Luhende kwa uangalifu. Mayu alikuwa ndiye anayeshona hayo magunia ya dirishani. Akimaliza kuchoma, mlango unafunguliwa, moshi umeisha, na maisha yanaendelea. Tulidhani zebaki imekwenda zake. Daktari alisema haikwenda popote. Imekaa kwenye kuta, kwenye masizi, kwenye udongo wa sakafu, na moto ukiwashwa inainuka tena. Na mle mle ndimo tulimfunika blanketi na kumwambia avute hewa kwa nguvu.

Akauliza ni nani anashinda humo jikoni. Luhende akajibu, "Wanawake." Daktari akanitazama. Mimi nikatazama picha ya mama anayenyonyesha iliyobandikwa ukutani.

Walichukua mkojo wa Luhende ukapelekwa Dar kupimwa. Majibu yalirudi mabaya, na dawa yake hapa Mpanda haipo. Ijumaa hii iliyopita Luhende na Séverine wameondoka kwa basi kwenda huko Dar. Faith tumempeleka Katumba kwa bibi yake mzaa mama, mpaka tujue. Jiko tumelibomoa. Vijana walivaa vitambaa puani, wakachimba hadi sakafu. Mayu alikaa kwenye kigoda chake akitazama, akasema, "Mmeniharibia mahali pangu pa kuota moto." Yeye bado anaamini mtu ametegea dawa. Sina nguvu ya kubishana naye, na kwa namna moja hakukosea sana: dawa ilikuwepo, ni sisi tulioitega.

Sasa nikueleze Jumapili ile ya kabla ya safari yao, halafu nimalize.

Luhende hakutaka. Mayu ndiye aliyetaka. Alizunguka mtaa mzima na fimbo yake akialika watu, akiwaambia Manju anapiga kwa mara ya mwisho kabla ya kusafiri, na mtu asiondoke mpaka wimbo uishe. Wewe unaelewa alichokuwa anafikiri. Kama umati utakaa, hajashindwa. Watu walikuja, ndugu yangu, walikuja wengi. Lakini walikuja kama wanavyokuja msibani, wanaongea chini chini na hawajui waweke wapi mikono.

Gaspar alimwekea kiwango cha chini kabisa, cha watoto. Séverine akamvisha ule mkanda wa gitaa. Gitaa likaanza kubisha hodi, ule mwanzo, na Luhende akaubonyeza. Rangi za kwanza alizipata. Nikasema moyoni Mungu yupo. Ngoma zilipoingia vidole vikaanza kurukaruka vyenyewe, vinabonyeza viwili badala ya kimoja, vinabonyeza hewa. Alikuwa anavitazama kama vya mtu mwingine.

Unajua ile gemu ina watu wake kwenye skrini, mashabiki. Ukikosa sana wanaanza kuzomea. Miaka yote hatukuwahi kuwasikia wakizomea, isipokuwa Faith akicheza. Wakaanza. Mayu, ambaye alikuwa ameipa tivi mgongo kama kawaida yake, akageuka.

"Nani hao wanaomzomea mwanangu?" akauliza. "Nyie, nani hao? Gaspar, wafukuze!"

Hakuna aliyecheka. Gaspar alikimbia akapunguza sauti, lakini gemu ikakata wimbo yenyewe, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa, ukishindwa haikuruhusu kumaliza. Skrini ikasimama. Mtu mmoja akasema anakwenda kuteka maji, mwingine akakumbuka mbuzi. Waliondoka kwa adabu, wakimshika Luhende bega mmoja mmoja. Nilimwona Mayu akiutazama ua unavyobaki mtupu, na sijawahi kuona uso wake hivyo, hata siku ya kumzika Baba.

Luhende hakuvua gitaa. Aliendelea kukaa pale mbele ya skrini iliyosimama, vidole vinahangaika kwenye vitufe, midomo inachezacheza, na nikaelewa kwamba anaumaliza wimbo kichwani. Alipofika katikati akainamisha bega. Ukazama pale pale, pa kaseti, halafu ukaibuka.

Usijilaumu kwa gemu. Najua utajilaumu, ndivyo ulivyo. Lakini bila hiyo gemu tungejuaje? Kushona hashoni, kuandika haandiki, kazi yake ni mizani na moto. Wimbo wa Baba ndio uliotuambia, na ulituambia mapema, tangu ile rangi moja. Sisi tukamwita fundi wa tivi.

Kuna jambo limebaki, na ndilo lililonifanya nifunge bahasha kwa gundi.

Jana mchana nyumba ilikuwa tupu, Mayu amekwenda jumuiya. Nikachukua lile gitaa nilifute vumbi, nikajikuta nimeiwasha mashine. Mimi si mchezaji, unajua. Ninaujua ule mwanzo tu, gitaa likiwa peke yake, kijani na njano, taratibu. Faith aliuweza akiwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa naupiga huku naongea na wateja dirishani. Jana niliupiga nikakosa. Nikaanza upya, nikakosa. Nikafuta vitufe kwa kitenge, nikaanza upya. Halafu nikachukua simu kumpigia Gaspar nimwambie aje, tivi imeharibika tena.

Simu ilikuwa inaita. Nilikata kabla hajapokea.

Meza haiyumbi, Nathanael. Luhende aliupachika mguu wake kipande cha mninga tangu Pasaka, na imekaa imara hata ukiipanda. Mandazi nimeyapika kwenye jiko lile miaka yote hiyo, alfajiri, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Sijamwambia mtu. Mayu anatoshwa na mmoja wa kumlilia kwa sasa, na yeye mwenyewe, mikono yake ile tuliyosema ni uzee, sasa sijui. Kesho asubuhi nakwenda kwa yule binti daktari na mkojo wangu kwenye chupa, na nitampeleka Mayu kwa uongo wowote utakaonijia njiani.

Naogopa. Nimekuwa dada mkubwa muda mrefu mpaka nikasahau kwamba na mimi naweza kuogopa, lakini naogopa sana.

Sikuombi unitumie kitu. Nakuomba uje, hata kwa siku chache, Luhende akiwa bado anakumbuka tulikuwa tunainamisha bega upande gani. Na nakuomba usinipigie simu kuhusu haya, maana itawekwa spika. Niandikie. Na barua hii usiitupe, iweke mahali pakavu. Nyingine yangu ikikufikia, zilaze mbili pamoja uzilinganishe herufi kwa herufi, halafu uniambie ukweli ulivyo. Mimi hapa nyumbani sina wa kuniambia, sote tumezoea kulaumu tivi.

Mayu anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Faith anakusalimu kutoka Katumba na anauliza kama huko theluji inaliwa. Gaspar anasema salamu zako ulizozituma kwa Alex zimefika. Malale anakusalimu kwa mkono wake mmoja mzima. Séverine mwombee, na ukimpigia Dar mwite shemeji kwa heshima, amestahili. Mkeo mpe mkono kwa niaba yangu.

Mungu aliyewavusha wazee wetu na ng'ombe wao kutoka Maswa mpaka huku bila kuwapoteza, akuvushe na wewe baridi hiyo, na akufikishe nyumbani ukiwa na mikono yako miwili.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, ninayekupenda sana,

Scola